Shati Ndani ya Boti

Nguba, Bukavu, siku ya Mungu, kisha misa

Yaya Mélanie, dada yangu mupendwa,

Nakusalimia sana, wewe na shemeji Christophe na batoto. Kikohozi yako ilipona huko Kamituga? Mimi niko muzima, nanenepa, na uzuri inaongezeka. Uliza wasichana wa Nyawera. Maman naye iko muzima wa mwili, lakini mulango bado hafungi na komeo. Anasema papa akirudi kutoka ziwani asikute tumemufungia. Unajua mwenyewe: tangu ziwa ilimumeza na mutumbwi yake ya mbao, hakuna mwili, hakuna kaburi, matanga haijaondolewa.

Sasa sikia ukubwa wangu. Mimi ambaye mwalimu alisema kichwa yangu ni ya kubebea ndoo, leo naunda maboti kwa fundi Papa Anaclet. Mbao hatutumii. Tunatandika kitambaa ya nyuzi za kioo ndani ya moule, ile kalibu yenye umbo ya boti, tunapaka rezini nzito kama asali, tunakandamiza na rulo mpaka hewa itoke, tunatandika tena. Ikikauka, piga nyundo: nyundo ndiyo itaomba pardon. Hugues, mwenzangu wa kazi, anasema najisifu kuliko boti zenyewe. Wivu tu.

Boti ya mwisho ni ya kubeba batu mpaka kisiwa ya Idjwi. Tuliishusha majini kuijaribu, muchana, jua kali. Ikaanza kugonga. Ko, ko, ko, kutoka ndani ya ubavu, kisha kimya. Hugues alifanya alama ya musalaba akaruka majini na viatu. Nilimucheka sana, lakini ndivyo papa alikuwa anabisha mulango akirudi kuvua sambaza.

Papa Anaclet hakuruka. Alipita anagonga boti na funguo, anasikiliza. Pazuri panalia kavu. Pale palilia kama ngoma. Akasema hewa imelala kati ya tabaka, maji inapiga pale, na siku moja tabaka zitaachana na batu katikati ya ziwa. Akauliza nani alitandika ubavu ule, na aliweka nini.

Yaya, ni mimi. Niliweka shati ya papa, ile ya kijani ya mifuko mbili. Niliitoa kwenye musumari ambapo maman aliitundika. Niliwaza: kama hana kaburi, alale ndani ya kitu ambayo ziwa haiwezi kuozesha. Lakini shati si kioo. Mishono na mifuko zilishika hewa.

Niliikata mwenyewe kutoka ubavuni na meule, ile mashine ya kukata, nikilia ndani ya maski. Hugues anafikiri ni vumbi. Boti tumeiziba, haigongi tena. Lakini shati ilitoka ngumu kwa rezini, mikono wazi, kifua mbele kama imevaliwa. Inasimama yenyewe nyuma ya kitanda yangu, nimeifunika kikwembe. Maman aliona musumari mutupu, akasema papa alipita kuichukua. Sasa anapakua sahani ya papa kila siku, na anaimba. Ningemuambia namna gani?

Jana niligonga ile shati kidogo tu, mara tatu, nisikie kama ina hewa bado. Nikasikia maman anakimbia kufungua mulango.

Kuja, Yaya. Wewe ni mukubwa wetu, wewe tu utaita familia. Tuizike kama mutu, maman alie kabisa, kisha tufunge ule mulango.

Bebea batoto busu zangu. Shemeji asisahau nyama.

Mudogo wako mwenye sura nzuri,
Pascal