Riwaya aliyopewa mama mkwe

Wardah, uko? Sikia yaliyomkuta Ruwaida leo Timbwani.

Si alimpa mama mkwe wake ile riwaya ya ukoo wa vizazi vitatu? "Isome mama, utastarehe."

Leo wako mezani, mama kafunga kitabu. "Huyu bibi alomficha mwanawe wa kwanza, ndiye mimi."

Wakacheka. Yeye hakucheka.

"Yuko Mikindani. Aitwa Salha."

Mwanawe wa kwanza, Wardah. Na Mahir, mumewe Ruwaida, miaka yote ajijua ndiye kifungua mimba. Kaweka kijiko chini.

Ruwaida akaanza kuomba radhi. Mama akamkatiza, "Radhi ya nini? Miaka hamsini nilikosa pa kuanzia. Kesho mtanipeleka kwake."

Kisha Mahir akauliza jambo moja tu, "Twafanana?"

"Pua ni hiyo hiyo, mwanangu."