Kushuka Soni kwa Frii

Lukozi, Lushoto
Jumatano, 9 Julai

Kwa Dada yangu Mwanaisha,

Assalaam alaykum. Shikamoo, dada. Natumai barua hii itakukuta mzima na kwamba goti limepunguza visa tangu mvua zikatike. Na iliki je, imeshika mwaka huu, au imenyauka tena kama mwaka jana? Sisi huku ni wazima, ila baridi ya Julai hii haina adabu hata kidogo. Asubuhi vidole havikunjiki, na chai inapoa ikiwa bado mkononi. Mama Salimu anakuamkia sana.

Utashangaa kuona barua wakati simu ipo. Wiki hii nimekupigia mara mbili, na mara zote mbili uliishia kunisimulia goti, nami nikaishia kukupa pole. Ninalotaka kusema halisemeki huku nasikia unavyohema upande wa pili. Kwa hiyo nimemwomba Janeth, yule jirani yangu muuza karoti ambaye mama yake yuko Muheza, afike mpaka huko Zirai akukabidhi mkononi. Nimeifunga kwa gundi. Isome ukiwa peke yako, dada yangu.

Nianze na mwanao Salimu. Kijana huyu kapatwa na wazimu wa gari. Anataka kuagiza kutoka Japani gari la mbio, spoti wanaliita, na amenitumia picha kumi na saba. Dada, ni kitu cha kutia kinyaa! Milango miwili, viti viwili, na liko chini hivi kwamba kuku akilala barabarani hapiti mtu. Kuingia ndani unajitumbukiza kama mtoto anayeogeshwa kwenye beseni. Nikamuuliza gunia la viazi litakaa wapi. Akasema baba, hili si gari la viazi. Nikamuuliza mama yake akiugua atalazwa wapi humo, juu ya bomba la moshi? Akacheka tu. Nikasonya mpaka mama Salimu akadhani nimemsonya yeye, tukanuniana siku nzima.

Basi, hela ni zake, jasho ni lake. Tabu ikawa gia. Muuzaji anayo mawili yanayofanana kila kitu, rangi mpaka viti, ila moja ni oto, linajibadilishia gia lenyewe, na jingine ni manyuali, la kubadilisha kwa mkono, na anataka jibu kabla ya Ijumaa. Husna, mchumba wake, anataka oto. Anasema yeye leseni kaipatia kwenye oto, na kwamba kwenye foleni za Dar klachi inamfisha mtu mguu wa kushoto. Salimu anataka manyuali, anasema oto kwenye gari la mbio ni aibu. Wakavutana wiki mbili. Mwisho wakakubaliana kwamba niamue mimi, dereva wa malori ya mboga kwa miaka thelathini.

Unanijua, mimi na oto hatuivi chungu kimoja. Mwalimu mmoja hapa alipoleta la kwake nilimuuliza mbele za watu kama na ugali analishwa. Kwangu mimi mtu asiyeshika gia alikuwa abiria aliyekalia kiti kisicho chake. Kwa hiyo jibu nilikuwa nalo tayari, tena nilikuwa nimevimba kichwa kwa kuulizwa.

Kabla sijalitoa, habari zikafika sokoni. Vijana wa bodaboda wakaifanya ndiyo kazi yao kwa siku tatu nzima. Mtu hana hata toroli la kuazima, anakueleza gari la mbio linavyobadilishwa gia kwenye kona! Mmoja anasema oto za siku hizi zina kasi kuliko mkono wa binadamu. Mwenzake anasema kasi ya nini, utamu wa gari ni gia. Mate yanarukia kabichi za watu. Kisha wakanigeukia mimi, wakaanza ile habari yao: jinsi breki za lori zilivyokata chini ya Soni, na jinsi Mzee Kassimu alivyopigana na gia moja baada ya nyingine mpaka akaliegemeza lori kwenye kingo badala ya kulitupa korongoni. Wakasema lingekuwa oto lile, leo tungekuwa tunamsomea dua. Wakanilipia chai na maandazi mawili.

Yusufu hawakumtaja. Wengi wao walikuwa hawajazaliwa, hawajui kwamba kwenye lori lile alikuwamo utingo, na kwamba utingo huyo alikuwa mume wako. Wanajua shujaa tu. Chai yao niliinywa, dada, halafu nikaenda nyuma ya banda la karoti nikaitapika yote.

Jumapili Salimu akapiga. Akasema moyo wake umeshaelekea manyuali, anangoja baraka zangu tu. Akasema wakati wa Maulidi atapanda nalo huku yeye na Husna, na siku ya kurudi atashuka kuanzia Soni mpaka Mombo kwa frii, kama nilivyomfundisha kwenye pikapu alipokuwa na miaka kumi na tisa: unaitoa gia, unaliacha gari lijiendee, mafuta hayaliki, unasikia upepo tu. Akasema Husna atapiga mayowe mpaka chini. Alikuwa anacheka, tena kwa fahari. Simu iliniteleza ikaangukia kwenye ndoo ya maharage.

Wewe si mtu wa magari, kwa hiyo nikueleze. Gari likiwa kwenye gia ndogo mteremkoni, injini yenyewe ndiyo inayolishika, breki unazigusa tu. Ukiitoa gia ukaweka frii, hakuna kinacholishika tena isipokuwa breki. Zikikanyagwa muda mrefu zinashika moto, na zikishika moto zinakufa. Kila dereva wa huku analijua hilo. Lakini gari la frii halinywi dizeli, na dizeli iliyobaki ilikuwa na mnunuzi wake Mombo, kidumu cha lita tano, na tajiri mwenye lori asijue. Pesa yake sisi madereva wa mboga tulikuwa tunaiita chai ya mteremko. Tulikuwa tunainywa karibu wote, tena tunataniana aliyeanza frii mbali zaidi.

Nikaiokota simu, nikamwambia Salimu anunue oto. Akacheka, akauliza Husna amenihonga nini. Nikarudia. Nikamwambia anunue oto, na hata hilo oto asithubutu kulitoa gia mteremkoni, la sivyo nitamlaani. Hapo akaacha kucheka akauliza kulikoni. Nikamweleza. Na sasa nakueleza wewe, ambaye ulitakiwa kuwa wa kwanza.

Siku ile nilikuwa nimeweka frii, dada. Tulikuwa na kabichi mpaka juu ya turubai, na mimi nilikuwa nimeitoa gia tangu tulipoiacha Soni. Yusufu aliniambia mara mbili nirudishe. Mara ya pili alisema shemeji, hiyo harufu ni ya breki. Nikamjibu kwamba kazi ya utingo ni kamba na turubai. Pedali ilipozama mpaka chini ndipo nikaanza kuitafuta gia, na haikuingia hata moja. Ilisaga tu. Habari ya kupigana na gia moja baada ya nyingine ni uongo wangu mwenyewe, niliutunga hospitalini nikiwa na plasta mbili usoni. Kulia kulikuwa na korongo, kushoto kingo ya mawe. Nikakata kushoto. Kushoto ndiko alikokaa yeye.

Breki zilikufa kweli. Niliziua mimi, kwa ajili ya kidumu cha lita tano.

Polisi waliponiuliza, nikasema breki hizo zilitengenezwa wiki iliyotangulia na Fundi Elisante. Sikusema aliziharibu. Nilisema hivyo tu nikafunga mdomo, watu wakamalizia wenyewe. Hakupelekwa popote, kwani hawakumkuta na kosa, lakini hakuna aliyempelekea gari tena. Na wewe, dada, hujamwitikia salamu miaka ishirini na miwili. Kila ulipokuja huku tukapishana naye njiani ulikuwa unageuza uso, na mimi niko kando yako natazama viatu vyangu. Siku ya tatu ya matanga ulinishika mkono ukaniambia nisijilaumu, kwamba ni mapenzi ya Mungu na mikono michafu ya yule fundi. Nikaitikia. Nikafuta machozi nikala wali wako. Nimeona mengi ya kutia kichefuchefu katika maisha yangu, lakini sijaona linaloufikia wali ule.

Na Salimu nilimfundisha frii miaka kumi na moja baada ya Yusufu kuzikwa. Utaniuliza ni akili gani hiyo, na mimi najiuliza. Aliniomba nimfundishe mambo ya madereva wa zamani, naye alikuwa ananitazama kama mtu wa maana. Ningekataa, ningelazimika kusema kwa nini. Nikaona bora nimfundishe.

Salimu hakufoka. Aliniuliza swali moja tu, kama Shangazi anajua. Nikasema hajui. Akasema ananipa mpaka Ijumaa, ileile ya muuzaji, nisipokuwa nimekwambia atakuja Zirai yeye mwenyewe akae mbele yako. Kwa hiyo usinihesabie uungwana, dada. Nimebanwa na mtoto wangu mwenyewe ndipo nikaishika kalamu. Gari wamechukua oto. Husna amenitumia ujumbe wa kunishukuru kwa hekima yangu, maskini, hajaambiwa kitu.

Jumatatu nilikwenda kwa Fundi Elisante. Nilimkuta uani anatengeneza pampu ya kupulizia dawa nyanya, maana siku hizi ndizo anazoletewa, hizo na baiskeli. Nikampa mkono, akaupokea. Nikamweleza nikiwa nimesimama, kwa sababu hakunikaribisha kukaa. Aliimaliza pampu, akaijaribu kwa maji, ikarusha vizuri. Kisha akachukua sabuni, akaenda bombani, akanawa mkono ule nilioushika, akausugua mpaka kwenye kiwiko, akaingia ndani na kufunga mlango. Nilisimama pale nikitazama povu. Hajakosea hata chembe.

Sikuombi msamaha, dada. Nikiuomba nitakuwa nimekutwisha kazi nyingine juu ya hii. Wanao nao wana haki ya kujua baba yao alivyokufa, na kwamba aliona hatari akasema na hakusikilizwa. Waambie wewe, au wape barua hii waisome, vyovyote utakavyoona. Nisalimie wote, na majirani wanaonikumbuka, kama bado utapenda kunifikishia salamu. Mungu akupe nguvu ya goti na ya moyo.

Mwezi wa nane utapanda kuzuru kaburi la Yusufu kama kawaida yako. Ukishuka garini, nenda kwanza kwa Fundi Elisante. Usingoje akusalimu yeye, mtangulie wewe. Mlango wangu unaujua ulipo, na ukiupita sitakuita.

Ni mimi mdogo wako,
Kassimu