Taa mpya ya kwaya imemmulika Penina

Eunike, uko wapi? Nimeaibika kanisani, Jumapili sijui nitaingiaje.

Leo Modest fundi alikuwa anaijaribu ile taa ya jukwaani inayogeuza kichwa, tuone kama inafaa kwaya yetu. Akamwelekezea nani? Penina! Anang'aa kama bibi harusi, na ule ubeti nilikuwa nauimba mimi. Mimi, Eunike!

Mchungaji akauliza, "Mama zangu, mnaionaje?"

Nikadakia, "Inanguruma kama mashine ya kusaga!"

Akasema, "Basi tunyamaze tuisikilize."

Kimya. Taa haina hata mlio!

Penina akasema, "Bibi Inosenti, kinachonguruma ni roho yako."

Wakacheka mpaka mchungaji. Ndipo Modest akanigeuzia taa. Mwanga wote ule juu yangu, na mimi nimejifunika uso na kitenge.