Mutobe Uliochacha Giteranyi

Mama yangu,

Leo sikulilii. Nimekaa mlangoni kwako hapa Nyamugari, Gitega, nacheka peke yangu, na majirani wanapita wakinitazama kama nimechanganyikiwa. Nimekosa mtu wa kunicheka vizuri kama wewe. Ndiyo maana nakuandikia.

Unakumbuka ulivyokuwa ukipatanisha wanawake pale bombani, ndoo bado iko kichwani? Lakini ukienda kwenu Giteranyi, wazee wa kilima chenu wakikaa kuamua maneno ya watu, wewe ulikaa nyuma unamenya viazi. Ulisikia kila kitu na hakuna aliyekuuliza. Mama, mambo yamegeuka! Nimemaliza mafunzo ya upatanishi hapa Gitega, na sasa wanawake tunakaa mstari mmoja na wazee. Tena siku hizi hatukati maneno tu, huyu ameshinda, yule ameshindwa. Tunawauliza wenyewe: unataka nini, na unaweza kuishi na nini? Watu wakiulizwa hivyo hudhani natania. Hawajazoea.

Basi kesi yangu ya kwanza ikawa huko kwenu. Bosco, mkulima aliyekulia ukimbizini Tanzania, alirudi akakuta migomba ya wazazi wake mikononi mwa jirani, yule Shabani muuza vitenge unayemjua. Shabani hakuiba. Aliipalilia miaka yote ambayo wenyewe hawakuwepo. Lakini nani avune? Wakaacha kusalimiana, wake zao nao wakanuniana, na Bosco akawa anajiandaa kwenda mahakamani Muyinga. Nilikaa nao tangu asubuhi. Mchana wakakubali: ardhi iwe ya Bosco, ndizi wavune wote. Nilivimba kichwa, Mama, acha tu.

Kumbe bado. Bosco akasema, "Tusipokunywa chungu kimoja, haya ni maneno tu. Nitaenda mahakamani." Unajua kilimani kulivyo, mapatano yasiyonywewa hakuna anayeyaamini. Wazee wakasogeza pombe ya ndizi. Shabani akasimama: "Mi ni Muislamu, pombe sigusi, hata mukinifunga!"

Mimi nikatabasamu, maana nilikuwa nimejiandaa. Nilibeba bidoni ya mutobe kutoka Gitega, dumu zima la yale maji matamu ya ndizi mbivu tuliyokuwa tukifuturia.

Usicheke bado. Niliukamua jana yake. Gari hadi Muyinga, pikipiki hadi Giteranyi, jua kali njia nzima. Nilipogusa kifuniko kiliruka chenyewe, povu likanipiga usoni, likamfikia mzee mkubwa kwenye koti lake la Jumapili. Shabani akanusa. "Eh, Mwajuma! Hii ni pombe imevaa hijabu!" Nikakusikia masikioni, maneno yako ya kila Ramadhani: "Mutobe ya asubuhi si ya jioni. Unusa kwanza, we mtoto!"

Kilima kizima kilicheka, isipokuwa wale wawili. Bosco alishachukua kofia yake. Niliona kazi yangu yote inaondoka na kofia ile, na kwa aibu nikaropoka: "Basi kamueni wenyewe! Ndizi si zile pale mnazogombania?"

Wakatazamana. Wakakata mikungu, wakaifukia shimoni iive, na hapo ugomvi ukazaliwa upya: nani alinde shimo? Hakuna aliyemwamini mwenzake. Ikabidi waende wote wawili, kila siku, kufunua majani na kuchungulia. Mimi nikarudi Gitega nimekata tamaa.

Baada ya siku chache mke wa Shabani akanipigia simu. "Mwajuma, kuja upesi! Bwana yangu anashinda kule kwa shimo na Bosco, wanaongea mpira tu. Ndizi wamesahau, zitaoza!"

Nilienda mbio, Mama. Niliwakuta wanakamua pamoja, mikono hadi viwiko ndani ya ndizi, wanabishana juu ya kipa kama watu waliozaliwa nyumba moja. Tulikunywa palepale, chungu kimoja, kila mtu na mrija wake. Nilinusa kwanza, bila shaka. Wote walinisubiri ninuse, mzee mkubwa akiwa amesimama mbali na koti lake.

Kisha Shabani akachomeka mrija mmoja zaidi, karibu na wangu. Nikauliza ni wa nani. Akasema, "Hii ni ya mama yako. Alikuwa anaikala nyuma kila siku. Leo aikale hapa mbele na sisi."

Hapo nililia. Nililia na kucheka mbele ya wazee wote, na hakuna aliyeniambia ninyamaze. Ule mrija hakuna aliyeugusa mpaka chungu kikaisha.

Mungu akupe nuru huko uliko, Mama. Kila nitakapoitwa kupatanisha watu, nitaomba mrija wako uwekwe. Na nakuahidi kunusa kila ninachobeba. Ila wakikataa tena kukaa pamoja, unisamehe, bidoni yangu nitaiacha juani makusudi.

Mwanao,
Mwajuma