Maua Yangu katika Shamba la Mama Lotsove

Mudzipela, Bunia. Jumamosi, jioni. Mvua ilianza asubuhi na imeacha sasa hivi tu. Matope yamefika mlangoni. Nimenawa mikono mara tatu na kucha bado ni nyeusi kwa udongo. Moyo nao ni mzito.

Nilisema uongo, na mama mwingine akanyang'anywa shamba.

Nianze mwanzo. Miaka mitatu iliyopita nilirudi kutoka Aru, kwa dada yangu, nikiwa na mbegu za maua ndani ya kitambaa. Mbegu nyeusi, nyembamba kama sindano. Dada aliniambia, "Utapanda mara moja tu. Kisha yatajipanda yenyewe." Mimi nikaona hiyo ni sifa. Ninafundisha shule ya msingi, natoka asubuhi na kurudi nimechoka. Maua yasiyoniomba kazi ndiyo niliyokuwa natafuta.

Yakaota mbele ya nyumba, marefu hadi kifuani, rangi ya machungwa. Watu waliokwenda soko walisimama kutazama. Wasichana walikuja kupigia picha hapa. Mke wa mchungaji alituma watu wachume ya kupamba kanisa. Nikaanza kuitwa "mwalimu wa maua". Nakiri kwamba nilipenda jina hilo, nililipenda kupita kiasi.

Mwaka uliofuata yalikuwa yamevuka uzio.

Chini ya nyumba yangu kuna shamba dogo la Papa Ngabu, mzee anayekaa ng'ambo ya mji na ambaye haji huku mara nyingi. Msimu huu alikuwa amemwachia Mama Lotsove alilime. Mama huyo ana watoto wanne. Walikimbia vita huko Djugu, na sasa wanakaa kwa shangazi yake hapa mtaani. Maharagi yake yalipoota, maua yangu yaliota katikati yake, mengi kuliko maharagi yenyewe. Alipalilia kila asubuhi. Baada ya wiki yalikuwa yamerudi. Nilimwona kutoka dirishani ameinama, nguo imemshika mgongoni kwa mvua. Mimi nilikuwa nakunywa chai.

Ningeweza kuyang'oa yangu siku ile ile. Nikajiambia, acha kwanza yachanue. Yakachanua, yakakauka, yakamwaga mbegu tena, upepo ukazipeleka huko huko kwake.

Mwezi uliopita Papa Ngabu akaja kuona shamba. Alikuta maharagi yamedhoofika, yamefunikwa na majani. Akanikuta kwenye uzio.

"Mwalimu, haya majani inatoka wapi? Naona hata kwako imeisha kuingia. Huyu mama alileta mbegu mubaya?"

Mama Lotsove alikuwa amesimama hatua kumi kutoka kwetu, jembe mkononi.

Nikasema, "Pengine ilikuja na maharagi yake, Papa."

Ndiyo hivyo. Maneno machache, kwa sauti ya kawaida, sauti ninayosomea majina ya wanafunzi asubuhi. Mama Lotsove alitazama chini, kisha akarudi kupalilia. Papa Ngabu akamwambia avune kilichopo, msimu ujao atatoa shamba kwa mtu mwingine. Mtaani wakaanza kusema kwamba yule mama hajui kulima. Hata shangazi yake alimwita mvivu, nami nilisikia, nikapita.

Kwa wiki hizo zote nilikuwa nikizunguka njia ya mbali kwenda shuleni ili nisikutane naye.

Leo asubuhi, mvua ikinyesha, akabisha mlangoni. Alikuwa amefunika sahani kwa jani la mugomba. Ndani yake kulikuwa na maharagi mabichi.

"Nimemaliza kuvuna, mwalimu. Nilisema nikuletee kidogo. Tulikuwa majirani ya shamba."

Nilipokea sahani ile. Nikamwambia pale pale mlangoni, hata kabla ya kumkaribisha ndani. Maua ni yangu. Niliyaleta mimi. Nilimdanganya mzee.

"Najua," akasema. "Napita hapa kila siku. Niliyaona kwako zamani, mbele nianze kulima."

"Kwa nini haukusema siku ile?"

"Weye ni mwalimu, wanakujua hapa. Siye tulikuja juzi. Ningesema, nani angenisikia?"

Hakulia, hakunikasirikia. Alikuwa akinieleza tu, kama mtu anayemwonyesha mgeni njia. Ingekuwa afadhali angenitukana.

Nikachukua mwavuli, nikapanda moto, pikipiki ya abiria, mpaka kwa Papa Ngabu. Nilimwambia yote mbele ya mke wake na wageni wawili.

"Nimesikia, mwalimu," akasema. "Lakini shamba nimeisha kumupa shemeji yangu. Ameanza kukata majani."

Mke wake alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni na hakuniambia kwaheri.

Niliporudi niling'oa maua yote. Yaliyochanua, machipukizi, kila kitu, mpaka mbele ya nyumba pakabaki uwanja mtupu wa matope. Najua haitoshi. Mbegu ziko chini, na kila mvua itatoa mengine. Kisha nikaenda kwa Mama Lotsove, nikamwambia nafasi ile ya mbele ya nyumba yangu ni yake kama anataka kulima, na mimi ndiye nitakayeng'oa maua yatakayoota.

"Nitakuja kuona udongo," akasema. Basi. Hakusema amenisamehe, nami sikuthubutu kuuliza.

Sasa nimekaa hapa na swali moja. Kama asingeleta ile sahani, ningesema? Nataka kuandika ndiyo. Lakini nafikiri ningeendelea kuzunguka njia ya mbali, nikijiambia kwamba yeye ana bidii, atapata shamba lingine.

Kesho ni Jumapili. Baada ya ibada watu wote husimama mbele ya kanisa kusalimiana, na shangazi wa Mama Lotsove huwa pale. Bado anamwita mvivu.

Nitaanza na yeye: nitamwambia maua yalikuwa yangu, watu wengine wakisikia.