Mama Ephrasia, Uliyemuuguza Mke Mwenzio

Mama, mwaka umetimia tangu tukuzike pale juu ya shamba la kahawa, Mbuji, mvua ikinyesha. Bado tukifika mlangoni tunaita "Mama!"

Ulipenda ngolo zako, yale mashimo ya kuzuia maji shambani, ziwe na kingo zilizonyooka kuliko za shamba lolote mlimani. Ukicheka uliziba mdomo kwa kitenge. Kanisani ulikaa benchi la nyuma, ukisali kwa sauti ya chini hadi jirani yako akadhani umesinzia.

Baba alipotuacha akaenda kuishi na Eliza kule Liuli, kando ya ziwa, hukumsema vibaya mbele yetu. Baba akafariki. Baadaye tukasikia Eliza amepooza, hana mtoto wala ndugu wa kumgeuza kitandani. Ulishuka ziwani, ukarudi naye kwenye gari la dagaa, kichwa chake mapajani mwako. Ukamlaza chumbani kwako.

Akina mama wa jumuiya walikuja. Mmoja akauliza, "Ephrasia, huyu si ndiye aliyekuvunjia nyumba?"

"Ndiye."

"Na Jumapili hizi hatukuoni kanisani."

"Namwosha. Akilala sana upande mmoja, ngozi inachubuka."

Flavia, binti yako wa kwanza, alikuuliza jikoni kama umemsamehe. Uliendelea kusonga ugali kwanza. "Bado, mwanangu. Naamka nina hasira naye. Namwomba Mungu aiondoe, haiondoki. Basi nachemsha maji, naenda kumwosha hivyohivyo."

Sisi wanao, mtu akituuliza maisha ya kiroho ni nini, hatuna jibu lingine.

Kisha tumbo likakushika. Hata ulipolazwa uliuliza kama Eliza amegeuzwa. Ulitutoka kahawa ikiwa imeiva, na hakuna kati yetu aliyekuwa na nguvu ya kuichuma.

Eliza bado yupo, Mama. Tunamwosha kwa zamu. Siku ya kwanza Flavia aliposhika kitambaa, Eliza alisema kwa shida, "Mikono si yake," akalia. Flavia naye akalia. Walikaa hivyo hadi maji yakapoa.

Unakumbukwa na wanao Flavia, Benno na Aidan, mkweo Yuliana, mdogo wako Kalista, wajukuu wako wote, na Eliza.

Hutatutoka moyoni, Mama, siku zote tutakazoishi.