Vitambaa Katika Mpunga wa Bondeni

Milima ya Matumbi, Kilwa
9 Machi 2024

Genoveva mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi wazima, mgongo tu ndio unalalamika. Ile homa imekuachia?

Jana baba yako mdogo Dismas alisimama kwenye tuta akasema, "Shemeji, tangu kaka Laurenti afe, wewe unalima magugu. Mwaka huu nikiuona tena mpunga mwitu, ukoo unampa bonde mtu mwenye mikono."

Nimepalilia mara tatu! Nang'oa, lakini masuke yakitoka, nauona umo, na punje zake zinamwagika kabla ya mavuno. Tukinyang'anywa bonde, shule yako nayo basi.

Mama yako

Bwenini, Lindi
17 Machi 2024

Mama mpenzi,

Milele, amina, na shikamoo. Homa imekwisha. Barua yako ndiyo iliyoniondolea hamu ya kula.

Tunasoma jinsi viumbe wanavyobadilika. Nilitaka kuuliza darasani nikaona haya, nikamfuata mwalimu nje.

Nilipokuwa mdogo, mpunga mwitu ulikuwa na shina jekundu, nawe uling'oa kila shina jekundu. Michache iliyoota na shina la kijani uliidhania mpunga, ukaiacha. Hiyo ndiyo iliyomwaga mbegu, na watoto wake wakarithi kijani. Umechagua hivyo kila mwaka bila kukusudia. Si uvivu, Mama. Huo mwitu umefanana na mpunga kwa sababu wewe unapalilia vizuri mno.

Tazama ule mpunga mwitu wa dimbwini, ambako hakuna anayepalilia. Bado ni mwekundu? Unachanua pamoja na wa shambani? Kama nyakati zimeachana, chavua zao hazikutani. Kila upande utashika njia yake, na baada ya vizazi vingi sana, hata ukiikutanisha haitazaana. Hapo zitakuwa spishi mbili, zilizotoka kwa mzazi mmoja.

Mwite baba mdogo mbele ya watu kabla masuke hayajatoka. Afunge kitambaa kwenye kila shina analoapa ni mpunga. Kisha tusubiri masuke yaive: akikosea hata yeye, kosa si uvivu wako.

Mwanao, Genoveva

Milima ya Matumbi
2 Aprili 2024

Mwanangu,

Marahaba. Nimekwenda dimbwini: mashina mekundu vilevile, na umeshachanua, huku ule wa shambani bado majani matupu.

Siku ya Pasaka ukoo ulikuwepo, nikasema yote uliyoniandikia. Dismas alicheka hadi akakaa chini. "Mtoto wa kidato cha nne anifundishe mpunga?" Tulichana kanga yangu kuukuu, akafunga mwenyewe, anaapa kila shina. Akamaliza: "Yakiiva yote mpunga, shemeji, unahama."

Nimekubali mbele ya wote. Sijui kama nimefanya la akili.

Mama yako

Bwenini, Lindi
19 Mei 2024

Mama,

Shikamoo. Hamjambo huko? Basi la Nangurukuru limepita tena bila barua. Je, kama jicho la baba mdogo ni kali kuliko nilivyodhani? Nimeliweka bonde letu mashakani kwa maneno ya kitabu, na mimi sijawahi kupalilia msimu mzima. Niandikie hata kama tumeshahama.

Mwanao

Milima ya Matumbi
9 Juni 2024

Genoveva,

Marahaba, mama. Tu wazima. Nilinyamaza kwa sababu sikuwa na la kukutuliza.

Jana walikuja wote. Shangazi yako Veronika ndiye aliyetikisa masuke. La kwanza, punje zikashika. La pili, zikashika. Dismas akaniambia, "Anza kufunga mizigo."

La tatu aliligusa tu, punje zikammwagikia miguuni. Akaziokota, akazifikicha kiganjani: nyekundu, za mpunga mwitu. Lililofuata hivyohivyo, na jingine.

"Wamevihamisha vitambaa!" Dismas akapiga kelele.

Veronika akainama. "Na fundo wamelihamisha? Kaka, hivi ndivyo unavyofunga mbuzi wako. Hata wewe mwenyewe hushindwa kulifungua, huwa unakata kamba!"

Watu walicheka. Dismas hakucheka. Alichuchumaa akatikisa masuke mwenyewe, moja baada ya jingine, mpaka shingo ikalegea. "Shemeji," akasema, "huu nani angeujua?"

Bonde linabaki kwetu. Mbegu nimechagua suke kwa suke, yale yaliyoshika punje tu. Lakini nimewaza: na huo mwitu nao ukija ukajifunza kushika punje zake? Halafu nikajijibu. Ukifika huko utakuwa mpunga, acha uje, tutaupika.

Mama yako